Chokaa ya Kibokoni

Nilipewa kazi ya siku nne, Kibokoni,
nyumba ya Bi Mwanamkasi, orofa mbili,
ukuta wa tumbawe ambao haukuguswa na brashi
tangu mumewe alipozikwa.
Rangi yake? Haina jina dukani.
Jivu lililolowa, labda,
na kuvu imejichorea visiwa,
imeanzia kwenye mfereji wa maji machafu
ikapanda taratibu hadi dirishani.

Nilipoegemeza ngazi, ukuta ulipepesa.
Nikasingizia jua la saa nne.
Nikapitisha fagio la chuma
na kipande cha ukuta kikaruka,
kikatua hatua mbili kando,
kikawa ukuta tena.

Nondo.
Wa kijivu, mabaka ya kuvu mbawani,
wamelala; mchana ndio usiku wao.
Nilihesabu hadi kumi na saba,
kisha jicho likagoma.

Nikapaka. Kazi ni kazi.
Kufika adhuhuri, mkono wa kwanza umekauka,
upande wa kibla mweupe kama sanda,
na nondo walewale, waliorudi kwao,
wakawa kunguni kwenye shuka la hoteli.

Kunguru wa mji huu hawangoji mwaliko.
Walishuka kutoka kwenye nyaya za stima
wakawadonoa bila pupa, mmoja mmoja,
kama mtu atoavyo chuya kwenye mchele.

Mjukuu wa nyumba, Shekuwe, wa kidato cha tatu,
akaninyooshea kidole: "Yule je?"
Ilinibidi nisogeze pua.
Nondo mpauko, mwenye kasoro,
kama nguo iliyomwagikiwa jiki.
"Juzi," akasema, "huyu angeliwa wa kwanza."

Siku ya tatu wakaja kanjo, na lori lao.
Kibali? Kibali sina.
Nilikuwa juu, chokaa hadi kwenye kope,
gunia jeupe kichwani,
nimejibanza ukutani kama bango.
Sikupanga ujanja wowote.
Niliogopa, na woga ukaninyamazisha.
Macho yao yalinipita mara mbili
kama yapitavyo dirisha lililofungwa.
Kombo, msaidizi wangu,
alikuwa na jezi nyekundu ya timu ya mtaani kwao, Mikindani.
Kombo wakampakia.

Faini ilikula ujira wangu wa siku mbili.
Toka hapo hajavaa nyekundu kazini.
Lakini Kombo jezi anaivua.
Nondo anavua nini?

Hewa yetu hii ina chumvi, haiachi kitu.
Mwaka wa sita Bi Mwanamkasi akaniita tena.
Nikaegemeza ngazi ileile
na ukuta ukapepesa.

Weupe.
Weupe wa maziwa yaliyolala,
na mishipa myembamba kama nyufa za chokaa yangu,
nyufa zangu mwenyewe, nazijua,
nilikosea maji kwenye mkono wa pili.
"Wamejifunza!" nikapiga kelele.
Shekuwe, sasa ana ndevu na kazi bandarini,
akatoa kichwa dirishani, kikombe mkononi.
"Hakuna aliyejifunza kitu, fundi.
Wale weusi hawakuwahi kupata watoto,
basi."

Basi.
Neno dogo, na lilinikaa kifuani mchana kutwa.
Miaka yote ile ya midomo ya kunguru,
mayai, na viwavi wasiojua ukuta una rangi gani,
na wala hakuna aliyekusudia:
si nondo, si kunguru,
si mimi na ndoo yangu.

Jioni bibi akashuka na kopo jipya.
"Safari hii samawati," akasema, "kama kwa jirani.
Weupe umenichosha."
Nikachochea. Nyayani kunguru watatu, kimya.
Nikapanda, nikaupekua ukuta shubiri kwa shubiri
nikimtafuta mmoja tu, mwenye kasoro,
mwenye hata chembe ya buluu ubawani.

Sikumwona.

Ila hata yule wa kwanza, mpauko,
si mimi niliyemwona.